Mikono ya Kogo

Kwenye kaseti ya VHS ya mwaka 1994, kogo wangu anachuma chai. Ni dakika mbili tu, shambani kwetu Bomet, siku moja kabla ya harusi ya shangazi. Mpiga video alikuwa anajaribu kamera. Kogo alifariki nikiwa mdogo. Picha za studio zipo, lakini humo amekaa kama mtu anayesubiri hukumu. Kwenye kaseti peke yake ndiko anakosogea.

Nilipoifungua kwenye VLC mara ya kwanza, vilima vilikuwa sawa, majani chai sawa, kikapu mgongoni sawa. Shida ilikuwa mikono. Kila ikikimbilia chipukizi inachanika mistari mistari, kama meno ya chanuo. Duka lililotuhamishia kaseti kwenye kompyuta lilisema kanda imezeeka. Kaseti yenyewe ilishashika kuvu, ikatupwa. Tukaamini hivyo miaka kadhaa.

Kumbe kanda haikuwa na neno. Kosa lilikuwa kwenye lebo.

Hadithi inaanzia London, 1936. BBC ilikuwa ikijaribu mifumo miwili ya televisheni kwa zamu. Ule wa Baird ulituma picha nzima, mistari 240, mara 25 kwa sekunde, na skrini ikawa inapepesa. Ule wa Marconi-EMI, wa mistari 405, uliikata kila picha nusu mbili: kwanza mistari ya witiri, halafu ya shufwa, sekunde moja ya hamsini baadaye. Jicho likadanganyika, kupepesa kukapungua, na mawimbi hayakuhitaji nafasi zaidi. Mapema 1937 Baird akaachwa. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, ilikuja na ujanja huohuo, na hata PAL tuliyoizoea ni mistari 625, nusu-picha 50 kwa sekunde. Kamera ya harusi nayo ilirekodi hivyo.

Skrini za leo zinaonyesha picha nzima kwa mpigo. Kwa hiyo programu lazima ijue: hizi ni nusu mbili za nyakati mbili, ama ni picha moja? Jibu limeandikwa ndani ya faili. Yetu iliandikwa "picha nzima", na VLC ikiachwa iamue yenyewe inaamini ilichoandikiwa. (Watu wa Kericho na Bomet lebo tunazijua. Sheria ya ardhi ya 1915 iliandika ardhi ya Waafrika kuwa ya Mfalme. Udongo haukubadilika hata punje, lakini kila aliyesoma karatasi alifuata karatasi.) Kitu kilichotulia hakiumbui uongo huo, maana nusu zote mbili zinafanana. Kinachosogea ndicho kinachochanika. Ndiyo maana vilima vilipona na mchumaji akaharibika.

Kwa kutazama tu, bonyeza D kwenye VLC, basi. Mimi nilitaka kuhifadhi, nikaingia FFmpeg, programu huria aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Ina filta iitwayo idet, inayokagua fremu zenyewe bila kujali lebo. Nyingine, setfield, inabadilisha lebo bila kugusa picha. Kisha yadif, ambayo niliiagiza itoe picha moja kwa kila nusu. Mara ya kwanza nilikosea mpangilio, nikasema mistari ya chini ndiyo iliyotangulia. Mikono ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele, kama mtu mwenye homa. Nikageuza.

Wakati huohuo binamu yangu alikuwa ameshapunguza nakala yake itoshee WhatsApp, na alitaka kufuta ile kubwa kwa sababu inakula nafasi. Wacha tu. Ukiipunguza picha kabla ya kutenganisha nusu zake, mistari inachanganyika, na hapo hakuna filta itakayokurudishia mikono ya mtu. Nilimpigia saa tano usiku. Alidhani kuna msiba.

Faili ilipokamilika nilimpelekea baba. Aliweka simu mezani, akaiegemeza kwenye thamosi ya chai, akatazama kimya. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kiganja kikijaa kinapita begani.

"Huo mkono wa kushoto," akasema. "Huo ndio ulikuwa wa haraka."

Akaniambia nirudishe mwanzo.