Mbio juu ya Ukuta: Habari za Mji wa Chester

Katika Uingereza, upande wa magharibi karibu na mpaka wa nchi ya Wales, uko mji uitwao Chester, uliojengwa mahali mto Dee unapopinda. Mji huu umezungukwa na ukuta wa mawe. Nao ukuta ule haukubaki magofu hapa na pale, kama ilivyo katika miji mingi ya kale, bali mtu aweza kupanda ngazi penye lango moja, akatembea juu yake mpaka akarudi alipoanzia, mwendo wa karibu kilometa 3. Asubuhi, kabla watu hawajajaa njiani, huonekana wanaume na wanawake waliovaa nguo nyepesi wakikimbia juu ya ukuta huo kwa ajili ya afya zao. Hapana adui anayewafukuza, wala hapana barua wanayopeleka. Basi, msomaji, tuizunguke njia ile pamoja, tupate kuona jinsi njia ya walinzi ilivyogeuka kuwa njia ya wakimbiaji. Maana halikuwa jambo la siku moja, wala halikuwa shauri la mtu mmoja.

Jina lenyewe la Chester latoka katika neno la Kilatini, castra, maana yake kambi ya askari. Sisi tungesema boma. Warumi ndio walioanza kujenga hapo, katika miaka ya 70 baada ya Kristo, wakapaita Deva kwa jina la mto. Mabomba ya risasi waliyoyatumia kuleta maji yamechimbuliwa, nayo yana maandishi ya mwaka 79. Baadaye jeshi lao la ishirini likakaa katika boma hilo kwa miaka mingi, na jeshi moja la namna hiyo lilikuwa na watu kama 5,000. Tusidhani ya kuwa askari hao walikaa bure wakingoja vita. Mwandishi mmoja wa Kirumi, Vegetius, ameeleza ya kuwa askari mpya alipaswa kufundishwa kwenda maili 20 za Kirumi kwa muda wa saa 5 wakati wa kiangazi, tena afundishwe kukimbia, ili siku ya vita asipungukiwe na pumzi. Kwa hiyo wakimbiaji wa leo si wa kwanza kutoka jasho mahali pale. Tofauti ni kwamba hao wa kwanza walichapwa walipochelewa.

Warumi walipoondoka, boma likabaki ukiwa. Katika mwaka 907, Aethelflaed, binti wa mfalme Alfred, mwanamke hodari aliyetawala nchi ya Mercia, aliutengeneza mji tena ili kuwazuia Wadenmark waliokuwa wakiisumbua nchi. Kisha wakaja Wanormani, wakajenga ngome katika mwaka 1070. Katika karne zilizofuata ukuta ukaongezwa upande wa kusini na wa magharibi hata kuukaribia mto. Ndiyo sababu upande wa kaskazini na wa mashariki mkimbiaji hufuata mstari wa Warumi, na pande nyingine mbili hufuata mstari wa watu waliokuja nyuma yao.

Sasa na tuanze safari yetu penye lango la mashariki. Juu yake pana saa kubwa iliyowekwa mwaka 1899, kuwa ukumbusho wa miaka 60 ya utawala wa malkia Victoria. Ukielekea kaskazini, mkono wa kushoto waliona kanisa kuu, ambalo zamani lilikuwa la watawa, likafanywa kanisa la askofu mwaka 1541. Mbele kidogo, penye pembe, pana mnara unaoitwa kwa jina la mfalme Charles, tutaurudia baadaye. Hapo njia yageuka magharibi, na chini yake, kwenye shimo refu lililochongwa katika mwamba, wapita mfereji wa mashua uliochimbwa katika karne ya 18. Ukifika pembe ya pili, yaani kaskazini-magharibi, utaona jambo la kushangaza.

Hapo pana mnara uitwao Mnara wa Maji. Ulianza kujengwa mwaka 1322, na fundi, John wa Helpston, alipewa pauni 100 kwa kazi hiyo. Ulijengwa mbele ya ukuta, ukaungwa nao kwa ukuta mwingine mfupi, ili usimame majini na kuilinda bandari. Siku hizo merikebu zilitia nanga karibu nao. Leo unasimama juu ya majani makavu, na maji yako mbali nao. Mnara haukusogea; mto ndio uliosogea. Mchanga na tope vilijaa kidogo kidogo mwaka hata mwaka, merikebu kubwa zikashindwa kuufikia mji, na wafanya biashara wakatafuta bandari nyingine chini zaidi. Adui asiyeweza kuupanda ukuta huweza kuzuiliwa. Lakini tope halizuiliwi na mnara.

Lakini kile ambacho mto ulikiondoa kwa wenye merikebu, uliwapa wenye miguu. Ukiendelea kusini juu ya ukuta, ukapita lango la magharibi liitwalo Lango la Maji, waona mkono wa kuume uwanja mpana wa majani, kama eka 65. Zamani sehemu kubwa ya uwanja huo ilikuwa maji, na chini ya ukuta mawe ya gati ya Kirumi yaonekana hata leo. Katikati ya maji palikuwa na mahali palipoinuka, na juu yake msalaba wa mawe. Kwa Kiingereza cha kale msalaba huitwa rood, na kisiwa huitwa eye. Kwa hiyo mahali pale paliitwa Kisiwa cha Msalaba, na jina hilo limefupishwa kuwa Roodee. Kisiki cha msalaba ule kingalipo uwanjani.

Juu ya uwanja huo yalitokea mambo ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha habari hii. Ilikuwa desturi ya mji, kila Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, watu wa chama cha washona viatu kuleta mpira wa ngozi na kuutoa kwa chama cha wauza nguo, mbele ya meya, yaani mkuu wa mji, penye msalaba wa Roodee. Kisha mpira ulichezwa kutoka uwanjani mpaka kwenye jumba la baraza ndani ya mji. Hapakuwa na mipaka kama ya mchezo wetu wa leo, wala hapakuwa na mwamuzi. Watu walisukumana na kuangushana njia nzima. Mmoja alivunjika mkono, mwingine mguu, mwingine alipasuliwa kichwa, na wengine walikuwa katika hatari ya kufa. Watu wa vyama wakawa na kinyongo wao kwa wao, na Kwaresima ikaanza kwa majeraha badala ya toba.

Basi mapema katika mwaka 1540, meya Henry Gee pamoja na baraza lake wakalikata shauri. (Vitabu vingine huandika 1539, kwa sababu siku hizo Waingereza waliuanza mwaka mpya mwezi wa Machi.) Hawakuifuta sikukuu, maana walijua ya kuwa watu wakinyimwa furaha yao hutafuta nyingine mbaya zaidi. Walibadili zawadi. Badala ya mpira wa ngozi, washona viatu watoe mikuki sita midogo ya fedha, wapewe watakaoshinda mbio za miguu katika Roodee. Watengeneza matandiko ya farasi, waliokuwa na desturi ya kutoa mpira wa mti uliopambwa kwa rangi, watoe kengele ya fedha kwa mshindi wa mbio za farasi. Na wale waliooa mwaka ule, ambao walizoea kutoa mpira wa hariri au mahameli, watoe mshale wa fedha kwa mpiga upinde hodari. Hivyo nguvu zile zile za vijana, zilizokuwa zikivunja mifupa, zikapewa njia iliyonyoka na mwisho ulio wazi.

Mbio za farasi zingali zikifanywa Roodee hata leo, na watu hupenda kusimama juu ya ukuta kuzitazama pasipo kulipa kitu. Uwanja huo husifiwa kuwa wa zamani kuliko viwanja vyote vya mbio za farasi vinavyotumika hata sasa. Mbio za miguu hazikupata sifa kama hiyo. Nadhani ni kwa sababu farasi huleta wenye fedha, na miguu ya maskini haileti kitu. Ila katika shauri la mwaka 1540 zote mbili zilitoka siku moja.

Tukiuacha uwanja, twapita karibu na ngome ya Wanormani, kisha twafika Lango la Daraja, upande wa kusini. Hapo lipo daraja la kale la mawe, na karibu nalo boma la mawe lililowekwa mtoni tangu siku za Wanormani, ili maji yainuke na kuzungusha vinu vya kusagia. Toka hapo ukuta hufuata mto kidogo, halafu hupanda ngazi kuelekea kaskazini.

Karibu na Lango Jipya, ambalo daraja lake lilifunguliwa mwaka 1938, mtu mwenye macho ataona mahali ukuta ulipozibwa. Hapo mizinga iliutoboa katika Septemba 1645. Wakati ule mfalme Charles wa Kwanza alikuwa akipigana na jeshi la Bunge, na mji wa Chester ulikuwa upande wa mfalme. Tarehe 24 Septemba jeshi lake lilishindwa huko Rowton, nje ya mji, naye, kama wasemavyo watu wa Chester, alikuwa akitazama toka mnara ule tulioupita. Kesho yake akaenda zake Wales. Wenyeji hawakuwa na pa kwenda. Walikaa ndani ya ukuta katika njaa mpaka Februari 1646, ndipo mji ulipotolewa. Mwaka uliofuata tauni ikaua watu zaidi ya 2,000. Ukuta uliojengwa ili kuwaokoa ulikuwa umewafungia humo.

Vita ilipokwisha, miji mingi iliyaona maboma yake kuwa mawe ya bure ya kujengea nyumba. Chester walifanya vingine. Mwanzoni mwa karne ya 18 waliutengeneza ukuta, wakatandika mawe juu yake, ili watu wapate kutembea na kupunga hewa. Malango ya kale yaliyokuwa membamba yakabomolewa, yakajengwa matao mapana: la mashariki mwaka 1768, la daraja 1782, la maji 1788, na la kaskazini likamalizika 1810. Magari yapite chini, watu wapite juu. Hata njia kubwa ya motokaa ilipokata ukuta mwaka 1966, daraja la miguu liliwekwa ili mzunguko usikatike.

Anayependa kwenda mbali zaidi hushuka Lango la Daraja, akavuka mto, akageuka kushoto mpaka kwenye majani mapana ya ng'ambo, akarudi kwa daraja linaloning'inia kwa kamba za chuma, lililojengwa upya mwaka 1923. Wakati wa mafuriko majani hayo hufunikwa na maji, naye hana budi kurudi ukutani. Huko nako si salama siku zote: mawe huteleza wakati wa mvua, tena njia ni nyembamba, na mkimbiaji mwenye adabu humpisha mzee. Mwaka 2008 kipande kimoja cha ukuta kilianguka, kikajengwa tena. Mwaka 2020 kingine kikaanguka karibu na lango la mashariki. Njia ikikatika hivyo, wakimbiaji hushuka ngazi, wakapita barabarani kati ya maduka, wakapanda tena penye ngazi inayofuata.