Prosesa Zilizokaa Bure

Ndani ya kila kompyuta yumo mpanga zamu. Ni sehemu ya kiini cha mfumo, na shughuli yake ni kuamua kazi ipi ishike prosesa na ipi ingoje. Akipanga vema hakuna amkumbukaye; akikosea, watu husema tu kwamba mashine imekuwa nzito.

Katika Linux, mpanga zamu aliyeandikwa na Ingo Molnár aliingia mwaka 2007, na kanuni yake ilidumu hadi 2023 ilipobadilishwa. Msingi wake ulikuwa haki: kila kazi ipate fungu lake. Wengi waliliona jambo hilo kuwa limekwisha. Kumbe! Mwaka 2016 watafiti sita, miongoni mwao Jean-Pierre Lozi na Alexandra Fedorova, walionyesha kwamba prosesa ziliweza kukaa bure kwa sekunde kadhaa huku kazi zikipanga foleni kwenye prosesa za jirani.

Walipata kasoro nne, na moja ndiyo inayonisumbua. Mashine yao ilikuwa na prosesa 64 katika makundi 8. Ukizima prosesa moja na kuiwasha tena, kiini huchora upya ramani ya kugawana kazi: kwanza ndani ya kila kundi, kisha baina ya makundi. Waandishi wa Linux, katika kuisafisha na kuipanga upya programu yao, waliidondosha hatua ya pili. Hakuna kilichovunjika, wala onyo halikutolewa. Programu iliyoanzia kundi moja ilibaki humo humo, makundi saba yakitazama.

Msomaji atakisia kwamba mwendo ulipungua mara 8. La hasha, programu moja ya majaribio ilipungua mara 138. Kazi zikibanana, moja huondolewa kwenye prosesa ingali imeshika ufunguo, na zinazoungoja hutumia zamu zao zote kuuliza kama mlango umefunguliwa. Uvivu wa namna hiyo huonekana kama bidii.

Katika kasoro nyingine, vipindi vya kukaa bure vilikuwa vifupi na vilihama kutoka prosesa hadi prosesa, hata vipimo vya kawaida havikuvinasa. Watafiti wakaandika mkaguzi mwenye swali moja: je, yuko aliyekaa bure hali mwenzake ana foleni? Akiona hivyo husubiri kidogo, kisha hutazama tena, maana kukaa bure kwa kitambo si kosa. Wakachora pia picha za rangi zilizoonyesha mzigo wa kila prosesa.

Ile kasoro ya ramani waliitibu kwa kuirudisha hatua iliyodondoshwa.