Chuo cha Umma Kinajibu kwa Nani? Usimamizi wa Elimu ya Juu Tanzania Ukitazamwa kutoka Rubwera

Ikisiri

Mjadala wa usimamizi wa vyuo vikuu vya umma Tanzania umetawaliwa na swali moja: mkono wa dola uwe mzito au mwepesi? Makala haya yanahoji kwamba swali hilo limeficha lingine lililo kubwa zaidi. Kwa miaka zaidi ya sitini vyuo vya umma vimefundishwa kujibu juu, kwa Ikulu, Wizara na Hazina, lakini hakuna chombo kinachovilazimu kuwajibu wananchi wa mahali vilipo. Kwa kutumia historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uzoefu wa Tume ya Vyuo Vikuu na hali ya Mkoa wa Kagera, makala yanapendekeza haki ya kisheria ya wananchi kujibiwa, bila kuwapa mamlaka ya kuteua viongozi wala kudahili.

Utangulizi

Rubwera ni makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu wakazi wapatao 321,000 katika wilaya hiyo. Ni watu wa kahawa, ndizi, maharage na mifugo. Ardhi yao ina madini ya bati, na ng'ambo ya Mto Kagera ni Uganda. Ukiacha kituo cha Chuo Kikuu Huria kilichopo Bukoba, kijana wa huku aliyemaliza kidato cha sita hana chuo kikuu cha umma kilicho jirani. Akivuka mpaka Murongo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa na serikali ya Uganda mwaka 1989, kitakuwa karibu naye kuliko Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam.

Hali hiyo sasa inaanza kubadilika. Kupitia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kwa jina la HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya Kagera huko Itahwa, Kata ya Karabagaine, Bukoba Vijijini. Mkopo huo utalipwa na walipa kodi wote, akiwemo mkulima wa Kyerwa anayekatwa makato kwenye kila kilo ya kahawa. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza kampasi hiyo itamjibu vipi, na swali lake linagusa kiini cha utawala wa elimu ya juu nchini.

Kofia tatu za dola

Mbele ya chuo cha umma dola huvaa kofia tatu. Ya kwanza ni ya mwenye mali: dola hujenga, hulipa mishahara na hukopesha wanafunzi. Ya pili ni ya kiongozi: huteua wakuu, huelekeza udahili na hutoa maagizo ya kozi zipi zianze na zipi zisimame. Ya tatu ni ya mkaguzi: hupima ubora, hutoa ithibati na hukagua hesabu. Kila moja ni halali. Hakuna taifa linalotoa fedha za umma bila kuuliza zimekwenda wapi, wala mzazi anayetaka mwanawe apewe shahada isiyopimwa na mtu.

Hatari huja kofia zote tatu zinapokaa juu ya kichwa kimoja. Kiongozi akikosea, mkaguzi ni yeye mwenyewe. Mwenye mali akishindwa kutimiza ahadi, anayetangaza kosa na anayeamua adhabu ni yeye yule. Wanaobaki kubeba gharama ni wale wasio na kofia yoyote: mwanafunzi, mzazi na jamii iliyosubiri mtaalamu.

Urithi wa kujibu juu

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julai 1970 kikasimama chenyewe kwa Sheria Na. 12 ya mwaka huo. Mkuu wa Chuo alikuwa Rais wa nchi. Makamu Mkuu wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka moja kwa moja kwenye kiti cha Katibu Mtendaji wa TANU.

Mpangilio huo haukuwa ulafi wa madaraka peke yake. Nchi changa ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na Mwalimu Nyerere aliamini kwa dhati kwamba msomi anayesomeshwa na jasho la wakulima ana deni kwao. Wanafunzi walipoandamana Oktoba 22, 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, zaidi ya 300 walirudishwa nyumbani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza sharti la kufanya kazi kwanza, na la mapendekezo ya chama, kabla ya kuingia chuo kikuu.

Lakini tazama deni hilo lilivyodaiwa. Mkulima alitajwa kama mdai. Aliyedai, aliyepokea na aliyeamua kama limelipwa alikuwa serikali na chama. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni kwa nguvu baada ya kuukosoa utawala, na mwaka 1978 wanafunzi walioandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya viongozi wakafukuzwa. Waliopinga mara hii walikuwa wakilitetea jasho lile lile la mkulima, na bado hapakuwa na mlango ambao mkulima mwenyewe angeweza kuuingia akasema neno.

Wanataaluma waliliona pengo hilo. Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990 liliweka pamoja uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Tangu hapo uhuru umepata watetezi wengi, na haki hiyo inastahili kila mtetezi. Wajibu kwa jamii umebaki bila chombo cha kuusimamia, ukitegemea dhamiri ya mhadhiri mmoja mmoja.

Mkaguzi alipogeuka mtendaji

Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya 2005 ilianzisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na kuipa kofia ya mkaguzi. Mwaka 2010 Tume ikaongezewa ya pili: udahili wa pamoja. Wanafunzi waliomba kupitia mfumo mmoja, na Tume ikawapanga vyuoni. Nia ilikuwa njema. Mfumo ulipunguza usumbufu wa kuomba chuo kimoja kimoja, na ulizuia mtu mmoja kushika nafasi tatu wakati mwenzake hana hata moja.

Tatizo lilikuwa la kimuundo. Chombo kinachodahili hakiwezi kuwa mkaguzi huru wa udahili. Mwaka 2016 ilipobainika kwamba wanafunzi wasio na sifa walikuwa wamedahiliwa katika kampasi za Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, lawama ilikwenda kwa Tume yenyewe, na viongozi wake wa juu wakaondolewa. Mwaka uliofuata Serikali iliurudisha udahili kwa vyuo. Ni katika mwaka huo huo wa 2017 Tume, ikiwa imevua kofia isiyoifaa, ilipozuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na kusimamisha kozi 75 katika vyuo vingine 22 kwa sababu za ubora. Mtu anaweza kubishana na uamuzi wa chuo hiki au kile, ila kazi hiyo ilikuwa ya mkaguzi.

Tukio la Chuo Kikuu cha Dodoma linaonyesha upande mwingine. Serikali ilianzisha hapo stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati ili kuziba upungufu mkubwa wa walimu wa masomo hayo. Mei 2016, baada ya wahadhiri kugomea kufundisha kwa madai ya malipo, wanafunzi 7,802 waliamriwa kuondoka chuoni. Baadaye wengi walihamishiwa vyuo vya ualimu. Programu ilibuniwa na Serikali, ikalipiwa na Serikali, ikafundishwa katika chuo cha Serikali, ikavunjwa kwa amri ya Serikali. Kwa kuwa mwenye mali, kiongozi na mkaguzi walikuwa mmoja, hapakuwa na chombo huru cha kutamka kosa lilikuwa la nani, wala cha kuhakikisha kwamba aliyeanza masomo kwa ahadi ya dola anayamaliza kwa heshima.

Kagera: gharama ya pengo

Katika vyuo 19 vya mwaka 2017, viwili vilikuwa vya Bukoba: Chuo Kikuu Kishiriki cha Josiah Kibira, cha Walutheri, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Kumbukumbu ya Kardinali Rugambwa, cha Wakatoliki. Vilibeba majina ya watu wakubwa waliotoka mkoa huo: Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani na Mwafrika wa kwanza kuwa Kardinali. Kama mkaguzi, dola ilikuwa na haki ya kudai ubora. Kama mwenye mali, ilikuwa haijaweka Kagera kampasi yake yoyote ya kupokea vijana waliofungiwa mlango. Kofia moja ilifanya kazi yake huku nyingine ikiwa imesahau mkoa mzima.

Hasara haikuishia kwa vijana waliokosa nafasi. Mkoa umepita miaka mingi ukiwa na maswali ya utafiti yasiyo na mwenyewe. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera miaka ya 2000 na kuvamia chakula kikuu cha watu. Kituo cha utafiti cha Maruku kimepambana nao bila chuo kikuu cha umma jirani cha kukipa wanafunzi na watafiti. Karagwe na Kyerwa zinaijua butura, biashara ya kununua kahawa ikiwa bado maua mtini kwa bei ya kumnyonya mwenye shida. Serikali imeipiga marufuku, wakuu wa wilaya wameikemea, nayo hurudi kila kaya inapohitaji ada au matibabu kabla ya mavuno. Suala hilo linahitaji mchumi, mwanasheria na mtaalamu wa ushirika wakae nalo kwa miaka. Vivyo hivyo wachimbaji wadogo wa bati, magendo ya kahawa kuvuka mto, na historia ya Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe. Kampasi ya Itahwa inaweza kuyachukua yote haya. Inaweza pia kufundisha kozi zile zile zinazofundishwa Mlimani, kampasi kuu ya Dar es Salaam, ikapeleka ripoti zake Dar es Salaam na Dodoma, na hesabu zake zikawa safi kabisa machoni pa mkaguzi huku Rubwera ikiwa haijaguswa.

Somo kutoka kwa majirani

Wapo watakaosema dawa ni kuwapa wenyeji mamlaka juu ya vyuo. Kenya inatuonya. Septemba 2016 wanasiasa wa Uasin Gishu, gavana akiwa mstari wa mbele, waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kupinga kaimu Makamu Mkuu aliyeteuliwa, wakidai nafasi hiyo ipewe mwenyeji. Chuo kikimilikiwa na kabila la mahali kilipo, kinapoteza jina la chuo kikuu na taifa linapoteza mahali pa watu wake kukutana.

Kenya hiyo hiyo inaonyesha pia kwamba kurundika madaraka wizarani si dawa. Mwanzoni mwa 2020 Profesa Stephen Kiama alikuwa ameshindania na kupata uongozi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waziri wa Elimu akaubatilisha uteuzi na kuvunja baraza la chuo, na suala likaishia mahakamani. Uganda, ambako sheria ya 2001 inazipa seneti na baraza nafasi ya kupendekeza Makamu Mkuu, nayo iliona Makerere ikifungwa kwa amri ya Rais Novemba 2016 wakati wa mgomo wa wahadhiri. Sheria nzuri ya uteuzi haitoshi ikiwa kofia nyingine bado zimerundikana.

Mapendekezo

Kwanza, mkaguzi atengwe na mtendaji. TCU isipewe tena kazi ya udahili, iwasilishe taarifa zake moja kwa moja bungeni, na viongozi wake wasiondolewe ila kwa sababu iliyotajwa na baada ya kusikilizwa.

Pili, Baraza la Chuo lipewe nguvu halisi katika kumpata Makamu Mkuu: nafasi itangazwe, vigezo vijulikane, na mteuzi achague miongoni mwa majina yaliyopendekezwa na Baraza.

Tatu, programu yoyote ya umma isivunjwe kabla ya mpango wa maandishi, ulioridhiwa na Tume, wa kuwawezesha wanafunzi waliokwisha kuianza waimalize.

Nne, na hili ndilo kiini cha hoja yangu, kila kampasi ya mkoa iwe na wajibu wa kisheria wa kuwajibu wananchi. Mara moja kwa mwaka Rasi wa kampasi awasilishe taarifa ya Kiswahili mbele ya mabaraza ya madiwani ya mkoa: wanafunzi wangapi wametoka kila wilaya, wangapi wamehitimu, utafiti gani umefanyika na matokeo yake yamerudishwa wapi. Madiwani wa Kyerwa wawe na haki ya kuuliza, na chuo kiwe na muda maalumu wa kujibu kwa maandishi. Wasiwe na kura katika uteuzi, udahili wala mtaala. Haki ya kujibiwa haimnyang'anyi mhadhiri uhuru wake: anabaki huru kusema kwamba swali halina msingi, mradi aeleze kwa nini.

Itasemwa kwamba huu ni urasimu mwingine juu ya vyuo vilivyokwisha kulemewa na fomu. Lakini vyuo tayari hukusanya takwimu hizi kwa ajili ya Tume, Wizara na Hazina. Kinachoongezeka ni msikilizaji mmoja, yule ambaye jina lake limetumika kuhalalisha mfumo mzima tangu 1966.

Hitimisho

Majengo ya kampasi yatakwisha na mkopo utabaki kulipwa. Sasa, kabla kampasi ya Kagera haijajenga mazoea yake, ndio wakati wa kuandika katika kanuni zake nani anajibu kwa nani. Dola iendelee kulipa, iendelee kukagua, na iache mabaraza ya vyuo yaongoze. Mwananchi wa Rubwera, ambaye amelipa bila kuulizwa kwa vizazi viwili, apewe siku yake ya kuuliza, na sheria imlazimishe msomi kumjibu. Pasipo hilo, chuo kitaitwa cha umma kwa sababu ya anayekilipia, na umma wenyewe utabaki nje ya mlango.