The Haunting of Hill House (riwaya)

The Haunting of Hill House ni riwaya ya Kimarekani iliyotungwa na Shirley Jackson na kuchapishwa na Viking Press mwaka 1959, nayo huhesabiwa na wahakiki wengi miongoni mwa hadithi bora za nyumba yenye mizuka zilizoandikwa katika karne ya 20, ijapokuwa msomaji akishaifunga hawezi kula kiapo kwamba ameona humo hata mzuka mmoja.

Mtunzi alizaliwa San Francisco mwaka 1916, akaishi miaka mingi North Bennington, jimbo la Vermont, pamoja na mumewe, mhakiki Stanley Edgar Hyman, na watoto wao wanne, hata alipofariki mwaka 1965. Jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma tangu 1948, pale jarida la The New Yorker lilipochapa hadithi yake fupi The Lottery, iliyowaghadhibisha wasomaji wakalimiminia jarida barua.

Katika riwaya hii Dakta John Montague, mtaalamu wa elimu ya wanadamu mwenye shauku ya kupata ithibati ya mambo ya ghaibu kwa njia ya sayansi, anaikodi Hill House kwa kiangazi kimoja na kuwaalika watu waliowahi kufikwa na mambo yasiyo ya kawaida. Wanaitika wawili tu, Eleanor Vance na Theodora, nao wanaungana na Luke Sanderson, kijana wa ukoo wenye nyumba. Jengo hilo lilisimamishwa miaka 80 nyuma na tajiri Hugh Crain, ambaye mkewe wa kwanza alikufa gari la farasi lilipopinduka katika njia ya kuingilia, hata kabla hajaiona nyumba aliyojengewa. Na kwa kuwa Crain alikusudia kila pembe iwe imepotoka kidogo, kwa kadiri ambayo jicho halitambui ila mwili hutambua, milango hujifunga yenyewe, na Dakta hupata la kuwatulizia wageni wake. Mpishi, Bibi Dudley, hukariri saa za kuandaa na za kuondoa vyombo kama mtoto wa chuoni akariripo juzuu yake, kisha huenda zake kabla ya giza kuingia.

Lakini kiini cha kitabu ni Eleanor. Ana umri wa miaka 32, na 11 kati ya hiyo ameimaliza akimuuguza mama yake. Sasa mama amekufa, naye analala kwa dada yake, na hata gari wanaloshirikiana ananyimwa, hata alfajiri moja akalichukua bila ruhusa. Njiani, katika mkahawa, anamwona mtoto wa kike akikataa maziwa kwa sababu hakuletewa katika kikombe chake cha nyumbani chenye nyota zilizochorwa ndani, na moyoni anamsihi mtoto yule asikubali. Siku chache baadaye Eleanor anamsimulia Theodora juu ya makazi yake mwenyewe, yenye simba wadogo wa mawe na kikombe cha nyota. Makazi hayo hayako. Ameyajenga kwa vitu alivyoviona barabarani.

Ndipo siku moja yanapoonekana ukutani, kwa chaki, maandishi yanayomtaja Eleanor kwa jina na kuomba msaada arejee nyumbani. Hayana mkato wala nukta, hivyo haijulikani kama ni yeye anayeombwa au ni wenziwe wanaoombwa kwa ajili yake. Mfasiri atakayeileta riwaya hii kwa Kiswahili atakwama hapo, kwenye neno la Kiingereza home, maana lugha yetu hutenga nyumba, ambayo ni mawe na boriti, na kwao mtu, ambako ni pale anapongojewa. Na Eleanor hangojewi popote.

Je, ni mashetani au ni nafsi yake? Utotoni mawe yaliinyeshea nyumba yao siku tatu, muda mfupi baada ya kifo cha baba, na jambo hilo laelekeza shaka kwake. Ilhali vishindo vya usiku mlangoni Theodora naye anavisikia. Usiku mwingine, gizani, Eleanor anaushika kwa nguvu mkono wa Theodora huku akisikiliza kilio cha mtoto chumba cha pili, na taa iwakapo anamwona Theodora kitandani kwake, upande wa pili wa chumba. Mtunzi hahukumu. Mwishoni, anapoamriwa kuondoka, Eleanor analiendesha gari kwa kasi hadi kwenye mti ulio katika kona ya njia ile ile aliyofia mke wa Crain.

Robert Wise aliitengenezea filamu mwaka 1963, yenye picha nyeusi na nyeupe na sauti nyingi kuliko maono, nayo yatisha hadi leo. Ile ya Jan de Bont ya 1999 iliwaonyesha mizuka wazi, na hofu ikatoweka. Mfululizo wa Mike Flanagan wa 2018 uliacha kisa ukatwaa majina: humo Eleanor, Theodora na Luke ni ndugu wa tumbo moja, watoto wa Hugh Crain, na Hill House ndiyo nyumba ya utoto wao.