Kasri la Ngata

Kilomita 14 hivi kutoka Nakuru, upande wa Njoro, mahali paitwapo Ngata, lipo kasri la mawe ya kuchonga ambalo wenyeji huliita Lord Egerton, kwa jina la mwenyewe. Maurice Egerton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akawa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kupata cheti cha urubani, mwaka 1910, kisha mwaka 1920 akarithi cheo cha baba yake. Makao yake aliyafanya Njoro, katika nchi ambayo Wamaasai walikuwa wameondolewa kwa mapatano ya 1904 ili walowezi wapewe.

Ujenzi ulianza 1938, Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaukatiza, ukamalizika 1954. Vyumba vinapita 50. Chumba kinachomsimamisha mgeni ni ukumbi wa dansi: sakafu ya mbao, dari ya juu, na kinanda kikubwa chenye mabomba yaliyopanda ukutani. Bwana mwenyewe alikaa humo miaka minne tu. Alifariki 1958, hakuwa na mke wala mtoto, na cheo cha ukoo wake kikafa naye.

Husimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na kwamba tangu hapo akapiga marufuku wanawake kukanyaga kwake. Hadithi hii ni tamu, ndiyo maana hutangulia kila kitu. Lakini kwangu mimi, jambo kubwa alilolifanya Egerton ni shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu peke yao. Baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na maofisa wengi wa kilimo walioshika mashamba ya Kenya huru wakatoka pale. Mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Chuo hicho ndicho kinachotunza kasri leo. Watoto wa shule huja kwa mabasi kulitazama kama makumbusho, na maharusi hupiga picha kwenye ngazi zake, mahali ambapo, kwa masimulizi hayo, bibi harusi asingeruhusiwa kusimama enzi za mwenye nyumba.

Vyumba ni vingi. Chuo kitenge kimoja kwa ajili ya waashi, maseremala na vibarua walioinua kuta hizi, na familia za Ngata na Njoro zenye picha au kumbukumbu za wazee hao zialikwe kuzileta, maana waliozishuhudia kazi hizo wamebaki wachache.