Tabora, wapagazi, na vijana wetu

Kila mwaka, tunapoanza kuwafundisha vijana wa seminari ndogo historia ya vita vya 1914-1918, twawauliza kwanza: jina la Tabora lawakumbusha nini? Karibu wote hujibu kwa furaha kwamba askari Wakongomani waliwashinda Wajerumani, wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Wengine wataja na siku yenyewe, 19 Septemba 1916. Hatuwacheki. Sisi wenyewe tulijibu vilevile tulipokaa kwenye mabenchi yao. Tulijua jina la Generali Tombeur, tulijua tarehe zote, tukapata pointi nzuri katika mtihani. Hakuna aliyetuuliza ni nani aliyebeba risasi mpaka Tabora.

Twataka kuwaeleza mapadri wenzetu, wafratri na walimu wa dini mambo tuliyoyaona kwa vijana hao wakiisha kujifunza vita hivyo kwa ukamilifu, maana yake sababu zake pamoja na hasara zake.

Mkataba wa Berlin wa 1885 uliruhusu nchi za bonde la Kongo kukaa nje ya vita vya Ulaya. Ujerumani ulipoushambulia Ubelgiji tarehe 4 Agosti 1914, Wabelgiji walitaka kwanza Kongo ikae kando. Lakini tarehe 22 Agosti meli ya Wadachi, Hedwig von Wissmann, ilipiga mizinga kwenye ukingo wetu wa ziwa Tanganyika, na mwezi uliofuata Wadachi wakakamata kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Kijana akifika hapa husema: basi, sisi tulijilinda. Ni kweli. Lakini mtu anayelinda mlango wake haendi kulala katika nyumba ya jirani, na Tabora iko mbali sana ng'ambo ya ziwa.

Hapo sharti kumfungulia ukurasa ambao vitabu vya shule vya zamani viliupita upesi. Serikali ya Ubelgiji ilitaka kuwa na nchi mkononi siku ya mapatano. Ilitumaini kuikamata nchi ya Wadachi, kiisha kuibadilisha, ili mwishowe ipate kwa Wareno ukingo wa kusini wa mto Kongo karibu na bahari. Ni kama mtu anayekamata mbuzi wa jirani mmoja ili apate shamba la jirani mwingine. Mabadilishano hayo hayakufaulu. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana: Wabelgiji wakabaki na Ruanda na Urundi, nayo Tabora ikabaki mkononi mwa Wangereza.

Mara ya kwanza tulipoeleza jambo hili, darasa lilinyamaza. Kiisha mmoja akauliza: "Padri, basi wale walikufia nini?" Siku ile hatukumjibu. Kengele ilipiga, nasi tulishukuru kwamba imepiga.

Hasara zachukua masomo mengi zaidi, nasi twaenda polepole. Mwaka 1916 askari zaidi ya 10,000 waliingia nchi ya Wadachi, wengine kwa upande wa ziwa Kivu pamoja na Koloneli Molitor, wengine kwa upande wa Ruzizi na Tanganyika pamoja na Koloneli Olsen. Kigali ilikamatwa mwezi wa Mei, Kigoma mwezi wa Julai. Haya yote yameandikwa vizuri. Lakini hapakuwa na barabara ya motokari, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Kwa vita vyote vya Wabelgiji katika Afrika ya Mashariki, wanahistoria wahesabu wapagazi yapata 260,000. Kwa upande wa Wangereza wapagazi walipita hata hao, na waliokufa wakadiriwa kuwa si chini ya 95,000. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kwa kikosi hicho cha wapagazi. Vijana wetu wamesikia jina la Kariakoo katika habari za biashara; wanapojua asili yake, huliandika upya katika daftari.

Wengi wa wapagazi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa ugonjwa wa mapafu katika baridi ya milima ya Ruanda na Urundi, kwa kula chakula wasichokizoea tena kidogo. Vifo vyao havikuandikwa vyote, ndiyo maana hesabu hazipatani. Tombeur alipewa cheo cha baroni, na jina la mji likaunganishwa na jina lake: Tombeur de Tabora. Na vijijini? Wanaume walipoondoka mashamba yalikosa mikono, majeshi yakala akiba iliyobaki. Upande wa Gisenyi njaa iliyoitwa Rumanura iliua watu wengi tangu 1916 mpaka 1918, na Ugogo wakapatwa na njaa waliyoiita Mtunya. Homa ya 1918 iliwakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Somo hili lina hatari zake. Tumeona kijana aliyejaa uchungu, akisema ubaya wote ni wa Wazungu. Huyo tulimwonyesha kwamba wako machifu waliotoa watu wasio na wa kuwatetea, wakawaficha jamaa zao. Na kwamba askari waliowanyang'anya wanakijiji kuku na mihogo njiani kwenda Tabora walikuwa ndugu zetu wenyewe. Alikasirika, kiisha akaanza kusoma zaidi. Mwingine alituambia kwamba watu wote ni wabaya, na haifai kujali mambo ya nchi. Huyo alitusumbua zaidi. Tulimweleza habari za Papa Benedikto XV, aliyewaandikia wakubwa wa mataifa tarehe 1 Agosti 1917 wamalize vita, wasimsikilize. Na habari za Stefano Kaoze, aliyepewa upadri kule Baudouinville tarehe 21 Julai mwaka uleule, wa kwanza katika Wakongomani, wakati vita ingali inaendelea ng'ambo ya ziwa. Alisikiliza kwa adabu. Hatujui kama tulimsaidia.

Lakini twataka kumtaja wa tatu, mtoto wa kijiji kimoja cha Kivu. Wote twajua kwamba tangu 1996 mashariki ya nchi yetu yameona vita juu ya vita. Mwanzo wa mwaka aliandika katika insha yake kwamba mtu asiye na bunduki si mtu, na kwamba kaka yake yuko porini pamoja na wenye silaha. Aliandika bila haya, nasi tuliogopa kwamba likizo ikifika atamfuata.

Tulipofika kwenye somo la wapagazi, alikuwa akihesabu pembeni mwa daftari. Baada ya darasa alikuja akasema: "Padri, hata kwetu wanabeba." Akatueleza ginsi wenye silaha, wa kila upande, wanavyoingia kijijini, kukamata watu na kuwatwika magunia mpaka mlimani. Mama yake amebeba mara mbili. Shangazi yake alibeba, hakurudi. "Na kaka yangu," akasema, "yeye ndiye anayetembea nyuma yao." Hatukuongeza neno lolote.

Likizo ilipofika alikwenda kwao, akarudi siku ya kufungua. Alikuwa na daftari dogo lililokunjwa mara mbili, ndani yake majina ya watu wa kijiji chake waliotwikwa mizigo wasirudi, mengine kwa jina la batizo, mengine kwa jina la kienyeji tu, moja limeandikwa "mume wa Regina". Alituomba tuyasome kwenye Misa ya tarehe 2 Novemba. Tuliyasoma. Kiisha tulilifungia daftari katika kabati ya sakristia, maana si kila mtu angefurahi kuliona.