Kinanda Ambacho Hakijafika

“Ngoja kwanza, yaya. Kampuni inatoa kipya mwaka huu. Hiki kitakuwa takataka.”

Maneno hayo ndiyo yaliyotuzuia vijana wa kwaya tusinunue kinanda cha mtumba. Pesa tulikuwa tumeshachanga. Tukangoja miezi saba. Huku nyuma pesa ikaanza kuliwa kidogo kidogo: leo nauli ya mgonjwa, kesho msiba. Mwishoni haikutosha hata hicho cha zamani. Basi nikaanza kusoma historia ya vinanda, nijue hizi tetesi zinatoka wapi.

Kumbe ni za zamani kuliko mimi. Kila mwaka, mara nyingi Januari, watengenezaji hukutana California, Marekani, kwenye maonyesho yanayoitwa NAMM. Kabla hawajafika, watu wanaanza: eti Yamaha wanaleta hiki, eti Korg wanaleta kile. Kingine kinakuja kweli, kingine hakuna.

Mwaka 1983 kilikuja kitu kikubwa kweli, Yamaha DX7. Prophet-5, kinanda maarufu cha 1978, kilitoa sauti tano kwa wakati mmoja; DX7 ilitoa 16. Lakini njia yake ya kutengeneza sauti iligunduliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Hesabu mwenyewe: miaka 16! Aliyengoja bila kupiga chochote, vidole vyake vilishasahau.

Jambo lililonigusa zaidi ni jingine la mwaka huo huo. Zamani kinanda cha kampuni moja kilikuwa hakielewani vizuri na cha kampuni nyingine. Dave Smith, Mmarekani aliyetengeneza Prophet, na Ikutaro Kakehashi, Mjapani aliyeanzisha Roland, walikuwa washindani sokoni. Hata hivyo waliongoza kazi ya kutafuta lugha moja ya vinanda vyote, MIDI. Januari 1983, pale NAMM, wakaunganisha Prophet-600 na Jupiter-6 kwa waya. Ukipiga hiki, kile kinaitika. Na lugha hiyo waliitoa bure, kampuni yoyote itumie. Mpaka leo kinanda cha 1983 chenye MIDI kinaweza kuungwa na kompyuta mpya.

Smith mwenyewe hakujua kesho yake. Kampuni yake, Sequential, ilishindwa, Yamaha wakainunua mwaka 1987.

Jamani, hapa kambini tetesi tunazijua. Eti majina yametoka, eti kambi inafungwa. Mtu anaacha kulima bustani, mtoto anaacha shule, wanangoja. Sisemi tuzibe masikio, maana nyingine huwa kweli. Nasema mkono usisimame wakati sikio linasikiliza.

Sisi tumeanza kuchanga upya. Tunatafuta kinanda chochote kizima, na nyuma nitaangalia kama kina lile tundu la duara lenye vishimo vitano. Kipya kikija siku moja, tutakiunga na hiki.